Kifua Kipya cha Svanlaug

Svanlaug alikuwa amelala chali, mito miwili imemziba ubavuni asije akageuka usingizini, na mbele ya macho yake, karibu kabisa na kidevu, yalisimama matiti ambayo bado hakuwa ameyazoea. Yalikuwa juu mno. Mtu akikuambia amewekewa matiti mapya unawaza mambo mengine kabisa, lakini haya yalikuwa yamejikunyata chini ya mitulinga, magumu, ngozi imewambwa hadi inang'aa. Daktari alimwambia ndivyo yanavyoanza. Msuli umeshtuka, ukakaza, ukayabana juu. Siku zinavyokwenda msuli utachoka kubana, ngozi ya chini itavutika, nayo yatateremka polepole hadi yakae mahali ambapo matiti hukaa. Miezi mitatu, pengine zaidi.

"Yaache yashuke yenyewe," alisema daktari. "Wewe kazi yako ni kungoja."

Kungoja hakukumpa taabu. Kama kungekuwa na mashindano ya kungoja, Svanlaug angerudi nyumbani na kikombe. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Hvalseyri, mji mdogo wa samaki na upepo kaskazini mwa Iceland, na umri wake ulikuwa unabisha hodi kwenye hamsini. Mume aliwahi kuwa naye, fundi wa injini za meli, ambaye alikwenda kufanya kazi Norway na akasahau kurudi. Hawakugombana. Watoto hawakujaliwa. Kifua nacho hakujaliwa, na tangu usichana wavulana wa mji ule walimwita ubao wa kupigia pasi, wakacheka wee mpaka wakazeeka na jina hilo.

Mama yake, Eyvor, alikuwa na jibu lake kwa utani ule. "Sisi wanawake wa nyumba hii hatukupewa kitu," alisema, akijipigapiga kifuani. "Na asiye na kitu haibiwi." Basi maradhi yakaja yakakiona hicho kidogo alichokuwa nacho. Kilianza kama kijibonge upande wa kushoto, akakificha mpaka kikafanya kidonda, na kilipojulikana hapakuwa tena na la kufanya ila kumfunga bandeji na kumpa dawa za maumivu.

Svanlaug ndiye aliyemuuguza, misimu miwili ya baridi. Alimwogesha, akamgeuza, akamsafisha kidonda asubuhi na jioni. Dada yake mkubwa, Oddny, alikuwa akija kila Jumapili na keki. Oddny ni mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, akiingia nyumbani hata vikombe vinajua. Lakini ikifika saa ya kubadilisha bandeji, Oddny angekumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni kwake, au gari lake limeziba njia ya watu, na huyo, keshaondoka. Mara moja tu alisema kweli. "Siwezi, Svana. Moyo wangu hauwezi mambo hayo." Svanlaug akasema, "Sawa, dada." Hakumgombeza. Wala hakumsamehe. Alilichukua neno lile akaliweka mahali, nalo likakaa.

Siku ya mazishi hakulia, na watu wakamsifu kwamba ana nguvu. Nguvu gani! Alikuwa amekufa ganzi, kama fizi baada ya sindano ya meno: unagusa, unajua ni mdomo wako, lakini haupo. Akarudi kazini, akapika supu ya samaki Jumatatu na mipira ya nyama Jumatano. Alikula kwa kuwa ni saa ya kula. Miaka miwili ikapita hivyo.

Ndipo siku moja, akivua aproni kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale shuleni, akajiona kwenye kioo. Kile kifua hakikuwa chake. Kilikuwa cha mama yake, kitupu, kinangoja. Aliamua siku ile ile, bila furaha na bila hofu, kama mtu anavyoamua kubadilisha mapazia. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba anakwenda Reykjavik kutibiwa bega. Akamwambia Oddny hivyo hivyo. Bega ni ugonjwa wa wapishi, hakuna aliyeuliza la pili.

*

Uongo wa bega ulidumu siku chache tu. Huko kwao watu hawafungi milango na hawabishi hodi, na Oddny hata angefungiwa angeingia na mlango. Alikuja jioni na sufuria ya supu ya kondoo, akamkuta mdogo wake amesimama jikoni, blauzi wazi, akihangaika na ukanda. Ule ulikuwa ukanda mpana alioambiwa aufunge juu ya matiti, juu ya sidiria ngumu ya hospitali, ili uyasukume chini. Mikono ilikuwa haipandi. Kifua chote kilikuwa bandeji, pamba na vibanio.

Oddny aliitua sufuria.

"Svana. Kumbe si bega."

"Hapana," alisema Svanlaug. "Si bega."

"Kama mama?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Ni maneno machache tu: hapana, dada, nimeweka matiti. Wangecheka. Oddny angecheka mpaka akae chini, na kesho yake mji mzima ungekuwa na habari, na baada ya wiki mji ungechoka. Lakini kabla mdomo haujafunguka Oddny alikuwa ameshaanza kulia. Alimkumbatia kwa shingo, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai.

"Safari hii sikimbii," alisema. "Unanisikia? Safari hii sikimbii, mdogo wangu."

Svanlaug akanyamaza. Na kwa watu wa kule, kunyamaza ni jibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Svanlaug alikuwa anaficha uzima, na hapo wahenga hawakutuachia neno.

*

Toka siku hiyo Oddny alikuja kila jioni. Alikuja barabara ikiwa barafu tupu, alikuja theluji ikipiga kioo cha gari. Alileta samaki waliopondwa na viazi na vitunguu, alileta mkate mweusi wa shayiri na siagi, akasimama kuhakikisha kimeliwa. Kwa kuwa Svanlaug hakuweza kuinua mikono, alimwinamisha kwenye sinki akamwosha nywele, vidole vyake vinene vikipita kichwani taratibu, huku akimsimulia ya mjini.

Na ya mjini Oddny alikuwa nayo, maana yeye alikuwa mlinzi wa bafu la wanawake kwenye bwawa la mji. Kule hakuna anayekanyaga maji ya bwawa kabla hajavua vyote na kujiosha kwa sabuni mbele ya wenzake, na kazi ya Oddny ilikuwa kuhakikisha hilo linafanyika. Mabinti walioona haya aliwapa mgongo kwa hisani, lakini hakuwaruhusu kupita. Oddny alikuwa amewaona wanawake wote wa Hvalseyri, tangu watoto wachanga hadi wenye ngozi iliyolegea. Sisi husema mficha uchi hazai. Kule mficha uchi haogi, na asiyeoga pale hana mahali pa kupatia habari, maana mambo yote ya mji huamuliwa kwenye dimbwi la maji ya moto, asubuhi, shingo zikiwa nje na theluji ikiangukia vichwa.

Svanlaug alikuwa mmoja wa wanawake wa dimbwi la asubuhi. Hakuwa msemaji, lakini palikuwa na pembe yake karibu na ngazi, na siku zote alizokuwa na ganzi, pale ndipo mahali pekee aliyokwenda bila kulazimika. Sasa alikuwa haendi. Daktari alikataza maji mpaka makovu yafunge vizuri. Pembe yake, Oddny alimwambia, hakuna aliyeikalia.

"Wanakuulizia. Hawakuulizi wewe, wananiuliza mimi, halafu wanatazama pembeni. Unawajua."

Aliwajua. Mmoja wao, Bergthora, mkunga mstaafu na mwenyekiti wa dimbwi bila uchaguzi, alikuja mwenyewe siku moja na kofia ya sufu aliyoifuma. Akaketi, akanywa kahawa, akamtazama Svanlaug kichwani kwa jicho lile lile alilotumia miaka arobaini kukagua vitovu.

"Nywele bado unazo," alisema.

"Bado ninazo."

"Dawa za siku hizi hizo," Oddny akadakia kutoka jikoni, kama aliyezitengeneza yeye. "Si kama zile za zamani. Za siku hizi zinachagua."

"Zinachagua," alirudia Bergthora. Akafikiri. "Na rangi yako nzuri. Umenenepa hata."

"Ni supu yangu," alisema Oddny. "Ungeila wewe ungekuwa kama ng'ombe."

"Mimi nimeshakuwa, shoga. Haya, kofia ivae kwa baridi. Kofia haina ubaguzi."

Ndivyo ulivyokua uongo ule. Svanlaug hakuulisha hata tonge, wenzake ndio waliokuwa wakiupa chakula. Kila lilipotokea tundu, mtu mwema aliliziba. Yeye alikaa katikati kimya, ukanda umebana chini ya sweta, akisikia maji yakigugumia ndani ya kifua kila akijigeuza. Muuguzi alimwambia ni hewa na majimaji ya upasuaji, yataisha.

Muuguzi huyo alikuwa akimpigia simu kutoka Reykjavik.

"Yanashuka?"

"La kushoto limeanza. La kulia liko juu bado."

"Wewe unatumia mkono wa kulia? Na ni mpishi, siyo? Basi msuli wa kulia una kiburi, umezoea kubeba masufuria. Huwa yanashuka kama ndugu wawili wanaokwenda mjini, mmoja lazima atangulie. Na hisia je?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Nilidondokewa na supu ya moto kifuani. Niliona pamebadilika rangi, ndipo nikajua."

Muuguzi alisema wengine hurudiwa na hisia baada ya miezi, kwa vichomi vichomi kama vya umeme, wengine huchukua mwaka, na kwa wachache hazirudi. Aliyasema kwa upole, ili mgonjwa asivunjike moyo. Svanlaug alishukuru, akakata simu. Hakuvunjika chochote. Kwa miaka miwili ganzi yake ilikuwa imetapakaa mwili mzima bila mahali pa kuoneshea, na sasa angalau ilikuwa na anwani.

Jambo alilolishangaa lilikuwa baridi. Akitoka kwenye upepo na kuingia ndani, mikono ilipata joto, miguu ikapata joto, uso ukawaka, lakini kule kifuani pakabaki na ubaridi kwa muda mrefu, kana kwamba amebeba mitungi miwili ya maji ya nje. Alikuwa akiweka viganja juu yake. Viganja vilihisi baridi. Matiti hayakuhisi viganja.

Na hapa ndipo penye aibu yake, nami sitaifunika: hakutaka iishe. Alipoinamishwa kwenye sinki, maji ya uvuguvugu yakipita nyuma ya masikio, alijua kwamba huduma ile hakuistahili, akafumba macho akaipokea. Na chini ya kuipokea palikuwa na kitu kingine, kidogo na kigumu. Kila Oddny alipohema kwa kupanda ngazi na sufuria, kila alipokataa kwenda kwake mapema, Svanlaug alijisemea moyoni: ulikuwa wapi wewe, misimu miwili? Beba sasa. Hata kuridhika hakuridhika. Lakini alimwacha abebe.

*

Jioni moja, akimkausha nywele, Oddny alisimamisha taulo.

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Unajua nini. Kidonda." Sauti yake ile kubwa ilikuwa imepungua hadi ya mtoto. "Kwa mama sikutazama hata mara moja, Svana. Nilikuwa nikiingia chumbani natazama dirisha. Ukiniuliza leo dirisha la chumba kile lina nini, nitakueleza mpaka misumari. Yeye sikumtazama. Kwako nataka nitazame."

Svanlaug alishika blauzi kwa mikono miwili.

"Bado."

"Sitakimbia."

"Najua. Bado tu, dada."

"Basi lini?"

"Siku nitakayokuja kuoga," alisema Svanlaug, ili mradi neno limtoke na jioni iishe. "Siku hiyo utaona."

Oddny aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukausha. Svanlaug amekwisha. Alikuwa amejifungia mlango kwa nje na ufunguo akampa dada yake.

*

Matiti yalishuka. Hayakushuka siku moja wala mtu hakuyaona yakishuka, ila asubuhi moja Svanlaug alikuwa akifunga aproni akatazama chini, akaona yamekaa. La kulia lilikuwa limemfuata mwenzake. Ule mvimbo wa juu ulikuwa umepungua, chini pamejaa na kuwa duara, na alipotembea yalitikisika kidogo, ambalo ni jambo kifua chake hakikuwahi kufanya maishani. Makovu yalijificha kwenye mikunjo, mistari miwili myembamba ya waridi. Yalikuwa mazuri. Hilo lazima lisemwe, daktari yule alijua kazi yake. Svanlaug aliyatazama kwenye kioo kile kile cha shuleni, akangoja afurahi, kisha kengele ya chakula ikalia akaenda kupakua wali wa maziwa.

Daktari akaruhusu maji. Oddny alipoambiwa alipiga makofi, na kabla ya jua kuzama kila kitu kilikuwa kimepangwa: Jumamosi asubuhi wanawake wote wa dimbwi watakuwepo, baada ya kuoga patakuwa na kahawa na chapati nyembamba za sukari, Bergthora ameshasema maziwa ataleta yeye.

"Nitasimama mbele yako bafuni," alisema Oddny. "Hata kama ni kinyume cha kazi yangu. Anayetaka kukukodolea macho atanikodolea mimi, na mimi niko mpana."

Svanlaug aliwaza kuahirisha. Aliwaza homa, aliwaza bega, lile bega la watu. Halafu akajiuliza ataahirisha mpaka lini, naye atakufa kweli siku moja na watamwosha. Ijumaa, shule ilipokwisha kula na masufuria kuoshwa, alichukua taulo akaenda bwawani saa ambayo hakuna watu. Hakuwa na hotuba. Kwa kweli alikuwa na mpango wa mwoga: hatasema kitu, atavua taulo, na mwili utaeleza wenyewe.

Bafuni palikuwa patupu. Mvuke ulikuwa umejaa hadi darini, na Oddny, katika viatu vyake vya mpira na fulana ya kazi, alikuwa akisukuma maji ya sakafuni kuelekea kwenye mfereji. Aliinua kichwa.

"We! Si tumesema kesho?"

"Nimetaka uone wewe kwanza."

Oddny aliegemeza mpira wake wa kusukumia maji ukutani. Alijifuta mikono kwenye suruali, akavuta pumzi, akasimama wima, mabega nyuma, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Alikuwa amepauka. Lakini macho yake yalikuwa mbele, hayakwenda dirishani wala mlangoni, na Svanlaug aliuona ushujaa ule na ukamchoma kuliko alivyotarajia. Akaachia taulo.

Maji ya bomba moja lisilofungwa vizuri yalikuwa yakidondoka. Oddny alitazama. Macho yake yalitafuta kidonda kushoto, hayakukiona, yakatafuta kulia. Yakarudi kushoto. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Wamekutengenezea!" alisema. "Svana! Wametoa ule uchafu na wamekujengea mengine! Mbona hukuniambia? Mimi nalia kila siku nikidhani umebaki kovu tupu, kumbe... Loo, madaktari wa siku hizi! Tazama! Hata mtu hajui!" Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. "Na mazuri, mshenzi wewe. Mazuri kuliko yangu!"

Hilo Svanlaug hakuwa amelifikiria. Mwili ulikuwa umeeleza, na ulikuwa umeeleza uongo mwingine, mkubwa na mtamu zaidi. Hakuhitaji hata kutikisa kichwa. Angekaa kimya tu, kama alivyozoea, na kesho angekaa kwenye pembe yake dimbwini, amepona, anapongezwa, na Oddny angekuwa dada aliyetazama. Kila mtu angefurahi. Hakuna ambaye angemwumbua, milele.

"Hawakutoa kitu, dada," alisema.

"Nini?"

"Hapakuwa na uchafu. Sikuumwa. Niliyataka tu, nikaenda kuwekewa."

Oddny bado alikuwa anatabasamu, tabasamu lililosahauliwa usoni.

"Hukuumwa."

"Hapana."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia mwanzo. Ile jioni uliniuliza kama mama, nikanyamaza."

Oddny alirudi nyuma mpaka benchi ya plastiki ikamgonga miguuni, akakaa. Svanlaug aliokota taulo akajifunika, akangoja makelele. Alikuwa tayari kwa makelele. Alistahili kuitwa mwongo, mwanaharamu, alistahili habari imfike Bergthora kabla nywele hazijakauka. Lakini makelele hayakuja.

"Nilikuwa nikirudi nyumbani," alisema Oddny, akiitazama sakafu, "nakaa kwenye gari, najiambia, umeona? Si kazi ngumu. Kichwa ni kichwa, maji ni maji. Nilikuwa tayari hata kwa kidonda. Leo nilikuwa tayari, uliniona?"

"Nilikuona."

"Miaka yote hii nilisema moyo wangu hauwezi. Mungu hakuniumba hivyo, basi. Nilikuwa nalala kwa neno hilo." Alijifuta pua kwa mkono. "Kumbe naweza. Kumbe nilikuwa naweza kumwosha mama siku zote, ila sikutaka tu. Ndilo ulilonifundisha. Na nilikuwa nasema, si neno, kwa mama nilishindwa, lakini kwa Svana nimefanya. Sasa nimefanya kwa nani? Kwa mtu mzima. Kwa mtu aliyekwenda kununua matiti."

Aibu ilimshika Svanlaug, aibu yenye joto, ikampanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio. Alitaka kusema nisamehe, lakini neno lile lilikuwa jepesi mno kwa mahali pale. Akaketi kando yake. Benchi ilikuwa na maji.

"Ungeshindwa," alisema.

"Usinifariji."

"Sikufariji. Kidonda cha mama kilikuwa kinanuka, Oddny. Ilikuwa harufu inayokaa kwenye nywele. Nilikuwa nikimaliza kumfunga natoka nje nyuma ya nyumba natapika. Asubuhi na jioni. Siku nyingine nilisimama mlangoni kwake na beseni mkononi nikaomba afe kabla sijaingia. Niliomba kwa maneno, kwa sauti. Nadhani alinisikia."

Oddny aligeuka akamtazama.

"Watu wanasema nilikuwa na nguvu," alisema Svanlaug. "Sikuwa nazo. Hata mimi nilikuwa siwezi. Wewe ulikimbia, nikabaki peke yangu na mlango, nikaingia kwa sababu hapakuwa na mwingine."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Hapana," alisema Oddny. "Sikuuliza."

Mlangoni palisikika wanawake wageni wakihangaika na makabati, wakisemezana kwa lugha ya kwao, na mmoja akacheka. Muda si mrefu wangeingia wamevaa nguo za kuogelea, na Oddny angelazimika kuwarudisha.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Na kesho utawaambia mwenyewe. Wote. Mimi simwambii mtu."

"Nitawaambia."

"Haya, oga. Unatetemeka."

Alikuwa anatetemeka kweli, na haikuwa baridi. Svanlaug alitundika taulo, akasimama chini ya bomba, akafungua maji. Alianza na kichwa, kama sheria ya pale inavyotaka, kisha kwapa, na alipofika kifuani mikono ikasimama. Kilio kilimtoka kwa sauti mbaya, ya mnyama, kilio cha mazishi kilichochelewa miaka miwili, na maji hayakutosha kukifunika. Alilia akimwita mama yake kwa jina la utotoni. Povu lilimwingia machoni, hakulifuta.

Wale wageni walisukuma mlango, wakaona, wakasita. Oddny aliwainulia kiganja wasubiri nje. Hakuinuka kumkumbatia na hakusema neno. Alikaa pale pale kwenye benchi, viatu vyake vya mpira ndani ya maji, akimtazama mdogo wake aliye uchi akilia, na hakugeuza macho mpaka Svanlaug alipomaliza.